Nilikata springi za Demio, sasa mke wangu anapanda matatu

Hujambo Mama Gereji?

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Section 58 hapa Nakuru na mke wangu na mtoto mmoja. Mwaka jana nilinunua Mazda Demio ya mkononi, ile ya mviringo, rimu za 14. Gari lilikuwa halina shida yoyote. Shida nilijitafutia mwenyewe.

Ile nafasi kati ya tairi na fenda ilikuwa inanikera, Mama. Ngumi nzima ilipita. Jumapili tukikutana na vijana pale tunapooshea magari, ya wenzangu yamelala chini vizuri, langu limesimama kama flamingo wa ziwani. Ndilo jina walilonipa, Flamingo, na likanishika.

Mwezi wa tisa nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali. Alitoa springi, akazikata kwa grinda: mbele mzunguko mmoja na nusu, nyuma miwili. Kurudisha, nyuma kulia ikabaki juu kidogo kuliko kushoto, basi akaipasha moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, ikashuka yenyewe. Masaa matatu, shilingi 3,000, kazi kwisha. Wiki ya kwanza nililiosha kila siku.

Kisha mambo yakaanza. Kila tuta, hata lile dogo la mtaani, nyuma inagonga "gbu!" mpaka kwenye uti wa mgongo. Desemba tulienda nyumbani Kakamega kupitia Eldoret na Kapsabet. Kwenye ule mpando wa Salgaa, pale malori yamechimba mifereji kwenye lami, usukani ulikuwa unaninyang'anya. Tukishapita Kapsabet, kwenye kona yenye kibonde katikati, sehemu ya nyuma iliruka pembeni, nikaishika kwa rehema za Mungu tu. Mke wangu hakusema neno mpaka Chavakali. Wakati wa kurudi mama mkwe alitupa nusu gunia la mahindi, viazi vitamu na kuku wawili, na yeye mwenyewe tukamsaidia lifti hadi Eldoret. Tairi ikawa inasugua fenda, harufu ya mpira inaingia ndani. Akauliza kwa upole, "Baba Neema, hili gari linaumwa?"

Sasa tairi za mbele, nilizonunua mwezi huo huo wa tisa, zimeisha upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Upande wa nje bado zina vinywele vya dukani. Mke wangu anapanda matatu kwenda kazini na gari liko nje ya nyumba.

Fundi anasema springi zitazoea. Rafiki mmoja anasema niweke raba katikati ya mizunguko ya springi kuliinua kidogo. Mwingine anasema ninunue koilova, zile shoki zenye springi unazorekebisha kimo mwenyewe. Mke wangu anasema niuze. Ukweli wangu ni kwamba bado nalitaka chini kidogo. Je, kuna gari la chini linaloenda moja kwa moja na linaloweza kumbeba mama mkwe?

Flamingo wa 58, Nakuru

*

Mwanangu Flamingo,

Lipo. Lakini kabla hujasoma nitakavyokueleza, weka funguo mezani na usiliendeshe tena mpaka ufanye jambo moja.

Inua nyuma ya gari kwa jeki, weka stendi chini ya bodi, tairi zining'inie. Usiingize mkono wakati gari liko juu ya jeki peke yake, nimeona vidole vikienda. Sasa shika springi ya nyuma ujaribu kuizungusha. Kwenye Demio lako springi ya nyuma haikuvaa shoki. Imekaa peke yake kati ya bodi na ile boriti inayounganisha tairi mbili, na kinachoishikilia pale ni kule kubanwa tu. Ukiikata mizunguko miwili, tairi likining'inia kwenye shimo springi inaweza kuwa fupi kuliko nafasi yake. Ikizunguka mkononi mwako, gari hilo liende gereji juu ya lori.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe. Miaka ya tisini nikiwa bado najifunza kazi Kibuye, Kisumu, nilimkatia mwalimu mmoja springi za nyuma. Hakutaka umaridadi, alitaka tu mkewe mjamzito apande gari bila kuruka. Alitoka akielekea Ahero. Jioni alirudi na springi moja mkononi imefungwa kwenye gazeti, akaniwekea kwenye benchi kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Ilikuwa imechomoka kwenye shimo, gari likakaa juu ya tairi upande mmoja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hiyo ya kulia iliyopashwa moto ndiyo inayonitisha zaidi. Chuma cha springi hupikwa kiwandani kwa utaratibu: hupashwa moto mkali, huzimishwa ghafla, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo ili kiwe kigumu bila kuvunjika kama glasi. Moto wa gesi hadi wekundu unaifuta kazi yote hiyo. Pale palipowaka sasa ni waya wa ua. Pataendelea kulegea siku hadi siku, au patakatika pembeni ya sehemu iliyoungua, na hapatakuandikia barua kwanza. Kwa hiyo anayekwambia springi "zitazoea" anasema kweli bila kujua: zitazoea kuelekea chini.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Watu wengi hudhani kushusha gari ni habari ya urefu wa springi. Mimi nakuomba ufikirie safari ya tairi, yaani ni sentimita ngapi tairi linaweza kupanda kabla halijagonga kizuizi, na ngapi linaweza kushuka likifuata shimo. Simama uruke kutoka kwenye kigoda: magoti yanakunja, unatua salama. Sasa chuchumaa kabisa juu ya kigoda hicho hicho, uruke na utue ukiwa bado umechuchumaa. Huo mshtuko ulioupata kiunoni ndio "gbu" yako.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme springi yako ya mbele ilikuwa na mizunguko sita inayofanya kazi. Ukitoa mmoja na nusu inabaki minne na nusu, na springi inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, kwa sababu ugumu hupanda kadiri mizunguko inavyopungua. Hapo mafundi hujipongeza: imekuwa ngumu, basi itabeba. Lakini tuseme pia tairi lilikuwa na sentimita nane za kupanda, nawe umelishusha gari sentimita tano. Zimebaki tatu. Kazi iliyofanywa na nane sasa ifanywe na tatu, na wewe umeongeza nguvu theluthi moja tu. Haitoshi hata karibu. Zikiisha hizo tatu, mzigo wote unadondokea kile kiraba kinachovaa fimbo ya shoki au kilichokaa juu ya boriti, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya ajali ya mara moja kwa mwezi. Wewe unakikalia kila siku. Na ukiwa na mama mkwe, mahindi na kuku, ulikuwa unakikalia tangu mlipofunga milango.

Kona yenye kibonde inaelezeka hapo hapo. Kwenye kona, tairi la nje linabeba karibu kila kitu na limeshakunja springi. Likikutana na kibonde bila safari iliyobaki, raba inagonga, na kwa ule muda mfupi upande huo hauna springi kabisa. Tairi linaruka juu ya lami badala ya kuishika. Shoki nayo ilitengenezwa kuituliza springi ya zamani. Hii ngumu inaishinda, ndiyo maana gari linaendelea kurukaruka baada ya tuta kupita. Wenye kulaumu dereva walaumu kona nyingine, hii si yako.

Kuhusu usukani kunyang'anywa. Lala chini mbele ya gari kwenye sakafu iliyo sawa, gari limesimama kwa tairi zake, uangalie ule mkono wa chini unaotoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi. Gari likiwa kwenye kimo chake, mkono huo hulala karibu sawa au huteremka kidogo kuelekea tairi. Nakuhakikishia wako sasa unapanda. Ukipanda, mambo mawili huharibika. La kwanza, tai-rodi, ile fimbo inayogeuza tairi usukani ukizungushwa, na mkono huo haziendi tena sambamba tairi likipanda na kushuka, basi kila mfereji wa lori unalisukuma tairi lijigeuze kidogo bila ruhusa yako. La pili halionekani kwa macho: kwenye magari ya shoki ndefu za mbele kama lako, ile sehemu ambayo mwili wa gari hulalia ukikata kona hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Kwa hiyo gari la chini sana linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala likiwa juu. Vijana wa Jumapili hawapendi kusikia hivyo.

Tairi zako hazikuuawa na kule kuinama kwa juu kuelekea ndani peke yake. Mafundi hupenda kulaumu kuinama kwa sababu kunaonekana. Muuaji mkubwa ni kutazamana: tairi zako za mbele, kwa dalili ulizonipa, zinaangalia nje kama miguu ya bata, zinaburutwa kilomita baada ya kilomita. Kushusha gari hugeuza kipimo hicho, na alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, ndiyo hukirudisha. Hukuniambia kama ulifanya alaimenti. Ukimya wako nimeuelewa.

Basi tufanye nini?

Springi zote nne zitoke. Usiweke zile raba katikati ya mizunguko. Zinafunga mizunguko miwili isifanye kazi na kubebesha iliyobaki, na wewe tayari unayo michache. Tafuta springi za Demio lako hasa, zilizotoka Japani na gari la mfano huo huo, jozi ya mbele na jozi ya nyuma. Angalia shoki: ikivuja oili au ikikaa chini ukiibana bila kurudi polepole, imekufa, na mwezi wa nne wa kugongwa sidhani kama zako zimepona. Badilisha kwa jozi. Kisha liendeshe hivyo wiki mbili, gari la flamingo, na mkeo ndani.

Ikiwa tamaa bado ipo baada ya hizo wiki mbili, sitakucheka. Nunua springi za kushushia zilizotengenezwa kwa mfano huo wa gari, zinazoshusha milimita 25 hadi 30, si zaidi. Springi ya namna hiyo ni fupi lakini imesokotwa iwe ngumu kwa kipimo, na tairi likining'inia bado inabaki imebanwa mahali pake. Pima kabla na baada kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Nyuma usishushe kuliko mbele hata kama picha zinapendeza, maana mzigo wako wote unakaa nyuma. Kile kiraba cha kizuizi kikatwe tu kama maelezo ya springi yanasema, na kwa urefu yanaoutaja; akikwambia mtu akitoe kabisa, mwondokee.

Kuna jambo moja dogo ambalo mafundi wengi huliruka, nami nalisimamia mwenyewe gerejini kwangu. Boliti za bushi za ule mkono wa chini na za boriti ya nyuma zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Bushi ni mpira uliogundishwa kwenye chuma. Ukiikaza tairi likiwa chini kabisa, gari likishuka mpira unasokotwa na kubaki umesokotwa usiku na mchana, na baada ya miezi michache unapasuka. Legeza, shusha gari kwenye tairi zake, litikise, ndipo ukaze. Dakika kumi za kazi.

Liendeshe wiki nzima springi zikae, halafu alaimenti. Mbele atakurekebishia kutazamana kwa tairi kwa kutumia tai-rodi. Nyuma kwenye boriti hakuna cha kurekebisha, kwa hiyo akikutoza ya tairi zote nne muulize amegeuza nini kule. Siku hiyo hiyo rekebisha taa. Na kata usukani mpaka mwisho pande zote, watu wakiwa wamekaa nyuma, usikilize kama tairi linagusa popote.

Koilova ni kitu kizuri kikiwa kizuri. Za mbele uliza kama zinashushwa kwa kuzungusha mguu wa chini wa shoki au kwa kuteremsha kikombe cha springi tu. Za mguu wa chini zinakuachia safari yako. Zile za kikombe zinakula safari kila unaposhusha, na umerudi ulikotoka ukiwa umelipa mara kumi. Vumbi letu na matope ya mvua ndefu hukausha zile nyuzi zake za skrubu mpaka zinashikana. Kwa gari la kwenda Kakamega Desemba, mimi nisingezinunua.

Na kama kinachokuuma hasa ni sura, fikiria rimu. Tairi yako ya 175/65 kwenye rimu ya 14 ina kipenyo cha kama milimita 583. 185/55 kwenye rimu ya 15 inafika 584 hivi. Gari halipandi wala halishuki na spidi haidanganyi, lakini ubavu wa tairi unakuwa mfupi, usukani unaitika haraka, na gari linavaa viatu. Nafasi ya fenda itabaki, sikufichi. Ila macho ya watu huenda kwenye rimu kwanza.

Waambie pia wenzako wa Jumapili waende Naivasha wakati wa Safari Rally, ipo hapo jirani tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Wasimame karibu na gari lililoegeshwa, wapitishe ngumi kwenye fenda. Wale wanaokwenda kasi kuliko sote kwenye udongo huu huyainua magari, na hulipa pesa nyingi kununua safari ile ile uliyoikata kwa grinda.

Bima yako iambie chochote utakachobadilisha, kwa maandishi. Siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza.

Kuhusu mke wangu wa Section 58, maana huyo nimeshamchukua kuwa wangu: usimwombe apande. Siku ya kutoka kwenye alaimenti mpe funguo yeye, wewe kaa kiti cha nyuma, pale alipokaa mama mkwe, mpite kwenye matuta yote ya mtaa. Kama ukigonga kichwa, mrudi gereji wote wawili. Na mahindi mkipewa tena, nusu gunia ni kilo 45. Liegemezeni kabisa mgongo wa kiti cha nyuma, msilitupe kule mwisho wa buti.

Hizo springi zilizokatwa usimuuzie mtu, wala usimwachie fundi aziweke kwenye rafu yake. Ile ya mwalimu bado ninayo. Inazuia mlango wa gereji usijifunge upepo wa ziwa ukianza saa tisa.

Mama Gereji